Harufu ya Vanila Inatoka Wapi?

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa unaofuata hebu nikuulize swali moja. Umewahi kulinusa tunda la vanila? Sisemi keki, sisemi aiskrimu, wala sisemi zile mafuta za kujipaka. Nasema tunda lenyewe, lililochumwa kwenye mmea wake. Niliuliza swali hili darasani kwetu, wanafunzi 43, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono. Nikauliza tena: ni nani anayeijua harufu ya vanila? Mikono yote ikapaa juu. Kumbe sote tunaijua barabara harufu ya kitu ambacho hatujapata kukiona kwa macho yetu!

Kusema kweli swali hili sikulianzisha mimi. Lilianzishwa na mteja wa mama. Mama hupika keki na mahamri akauza asubuhi karibu na steji ya matatu. Keki huzipanga ndani ya kabati la kioo, na juu ya kabati pana kipande cha kadibodi nilichokiandika kwa mkono wangu: KEKI YA VANILA. Siku moja wakati wa likizo ya Aprili alikuja bibi mmoja aliyevaa vizuri, akanunua kipande, akala. Alipokuwa akingoja chenji yake akaona ndani ya kikapu cha mama kile kichupa cha arki, au esensi kama wengine wasemavyo. Akakitwaa, akakisoma, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Dada, hii si vanila. Hii ni kemikali tu. Unawauzia watu uongo."

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakaondoka zao. Mama hakujibu neno. Jioni, tulipokuwa tukiosha masufuria, akaniuliza, "Wewe mwanangu unasoma hiyo kemia kila siku. Hebu niambie, nauza uongo?" Nilinyamaza kama maji ya mtungini. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa kwa muhula mzima.

Nilianza na kichupa chenyewe. Nyuma yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi, pameandikwa kwamba hii ni ladha ya kutengenezwa, na kwamba ndani yake mna maji, propilini glaikoli, rangi, na kitu kiitwacho vanilini. Hicho cha mwisho ndicho kinachonukia. Hivyo vingine ni vya kukibeba na kukipamba tu.

Sasa vanilini ni nini? Ni kampaundi ya kaboni, hidrojeni na oksijeni. Fomula yake ni C8H8O3, yaani kila molekuli ina atomi 8 za kaboni, 8 za hidrojeni na 3 za oksijeni. Mwenye kalamu na apige hesabu: 96 na 8 na 48, jumla 152. Ikiwa safi ni fuwele nyeupe, nyembamba kama sindano, ambazo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 81 hadi 83 za Selsiasi. Katika maji baridi huyeyuka kwa shida, katika spiriti huyeyuka upesi. Umbo lake ndilo lililonifurahisha zaidi. Atomi sita za kaboni zimeshikana mikono katika duara, kama watoto wanaocheza ukuti, na kwenye duara hilo imening'inia mikia mitatu: mmoja wa oksijeni na hidrojeni, wa pili una oksijeni na kaboni moja, na wa tatu una kaboni moja iliyoshika oksijeni. Tafadhali msomaji, lishike duara hili na mikia yake mitatu, maana tutakutana nalo mahali ambapo hukutarajia.

Mwanzo wake ni kwenye tunda. Mvanila ni mmea wa kutambaa, wa jamii ya okidi, na asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Wenyeji wa kule waliutumia kutia harufu katika kinywaji cha kakao kabla Wahispania hawajafika katika karne ya 16. Wazungu waliupenda mno, wakauchukua na kuupanda katika makoloni yao ya nchi za joto. Mmea ukamea vizuri, ukatoa maua, lakini matunda yakakosekana. Sababu ni kwamba ndani ya ua la vanila pana kiwambo chembamba kinachotenga sehemu ya kiume na sehemu ya kike. Chavua haiwezi kuvuka peke yake. Isitoshe, ua lenyewe hufunguka asubuhi moja tu, na likikosa kuchavushwa siku hiyo basi, limesinyaa.

Aliyelifumbua fumbo hili kwa njia inayotumika mpaka leo hakuwa profesa. Mwaka 1836 mtaalamu mmoja wa mimea, Charles Morren, aliwahi kuchavusha vanila kwa mkono huko Ubelgiji, lakini njia yake haikuenea mashambani. Iliyoenea ni ya mtoto wa miaka 12, mtumwa, aitwaye Edmond, katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon. Ilikuwa mwaka 1841. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alikuwa na mvanila uliokaa miaka mingi bila kuzaa. Siku moja wakitembea bustanini akaona matunda mawili. Edmond akamwambia kwamba ni yeye aliyeyafanya yawe. Bwana hakuamini. Mtoto akachukua kijiti, akakiinua kile kiwambo, na kwa kidole gumba akaisukuma chavua ikagusana na sehemu ya kike. Kazi ya sekunde chache tu! Edmond akapelekwa shamba baada ya shamba kuwafundisha wengine, na kisiwa kikaanza kuuza vanila ng'ambo.

Yeye alipata nini? Utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1848 alipewa uhuru na jina la ukoo, Albius. Baadaye akafungwa jela kwa kosa la wizi, na alipotoka akaishi maisha ya kawaida ya mtu asiye na kitu. Tena akatokea msomi mmoja mzungu aliyedai kwamba ni yeye aliyemfundisha Edmond, na huyohuyo Bellier-Beaumont ndiye aliyeandika kumtetea mtoto. Edmond Albius alifariki mwaka 1880 akiwa maskini. Kutoka Réunion njia yake ilivuka bahari ikafika Komoro na Madagaska, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Bukini, na leo Madagaska ndiyo inayoongoza duniani kwa vanila. Majirani zetu wa Uganda nao wanailima, kama kule Mukono na Bundibugyo. Kila ua huchavushwa kwa mkono, kwa kijiti, vilevile alivyofanya yule mtoto. Ukija kula aiskrimu ya vanila ya kweli, mkumbuke.

Jambo la ajabu ni kwamba tunda bichi la vanila halinukii vanila hata kidogo. Ni la kijani, refu mithili ya ganda la kunde lililonenepa, na hukaa mtini miezi kama tisa. Vanilini imo ndani, lakini imefungwa pamoja na sukari ya glukosi, na ikiwa imefungwa hivyo haiwezi kuruka hewani ikafika puani. Ndipo wakulima hulichovya tunda katika maji ya moto kwa dakika chache, wakalifunika litoke jasho, wakalianika juani mchana na kulifunika usiku, siku nenda siku rudi, kisha wakalihifadhi kwa miezi kadhaa. Katika shughuli hiyo vimeng'enya vilivyomo ndani ya tunda huikata ile sukari, na vanilini ikaachwa huru. Tunda hugeuka jeusi na kunyauka. Kilo tano au sita za mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu, na katika kilo hiyo vanilini yenyewe ni kama asilimia 2, yaani gramu 20. Gramu 20!

Basi hapo ndipo wanakemia walipoingilia kati. Mwaka 1858 Mfaransa Nicolas-Theodore Gobley aliitenga vanilini safi kutoka katika vanila. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walijua umbo lake na wakaitengeneza kutokana na kitu kiitwacho koniferini, kinachopatikana katika utomvu wa misonobari. Haarmann alifungua kiwanda katika mji wa Holzminden. Kwa mara ya kwanza harufu ya vanila ilitoka mahali pasipokuwa na mvanila. Watengenezaji wa marashi waliidaka upesi: mwaka 1889 nyumba ya Guerlain ya Paris ilitoa marashi yaitwayo Jicky yenye vanilini ya kutengenezwa ndani yake, na wanawake kwa wanaume wakajipaka.

Lakini misonobari haikudumu katika kazi hiyo. Na hapa, ndugu msomaji, habari inarudi kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Ulaya viligundua kwamba vanilini hupatikana kwa urahisi zaidi kutokana na mafuta ya karafuu. Na wakati huo karafuu nyingi za dunia zilitoka wapi? Unguja na Pemba! Mafuta ya karafuu yamejaa kampaundi iitwayo eujenoli, C10H12O2, ambayo ndiyo unayoinusa ukienda kung'oa jino. Likumbuke lile duara letu. Eujenoli ina duara lilelile na mikia miwili ileile mahali palepale. Tofauti iko kwenye mkia wa tatu: wa eujenoli ni mrefu, una kaboni tatu. Mwanakemia huihamisha kwanza nafasi ya bondi maradufu kwenye mkia huo kwa kutumia alkali kali, kisha akaukata kwa oksijeni mahali pa bondi hiyo. Kaboni mbili huondoka, moja hubaki ikiwa imeshika oksijeni. Kumi toa mbili ni nane. Vanilini hiyo!

Niliposoma hivyo sikuamini, nikafanya jaribio langu la kienyeji. Nilichukua karafuu jikoni, nikachukua kichupa cha arki, nikawaambia marafiki watano wafumbe macho wanuse. Hakuna aliyekosea hata mara moja. Mkia mfupi na mkia mrefu, basi, na pua inajua. Mwalimu wetu wa kemia alicheka akasema jaribio lile lingenipa alama kuliko mtihani wangu wa muhula wa kwanza. (Mtihani huo tuuache.)

Kwa muda wa miaka mingi, mpaka miaka ya 1920, karafuu ndiyo iliyokuwa chimbuko kubwa la vanilini ya viwandani. Kwa hiyo mtoto wa London au wa Berlin aliyekula keki ya vanila miaka ile, huenda alikuwa akila kazi ya mchumaji wa karafuu wa Pemba bila ya kujua. Na mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa na watumwa mpaka utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897. Upande huu watumwa wa mikarafuu, upande ule Edmond na kijiti chake. Hili sikulitafuta, lilijileta lenyewe. Pemba hawakuacha mafuta: kule Wawi, karibu na Chake Chake, kilijengwa kiwanda cha kutoa mafuta ya karafuu kwa mvuke, nacho hujulikana kama kiwanda cha makonyo kwa sababu hutumia vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa.

Baada ya karafuu zikaja takataka. Mti hushikiliwa usianguke na kitu kigumu kiitwacho lignini, na lignini ni maelfu ya yale maduara yetu yaliyounganishwa. Viwanda vya karatasi wakati huo viliiondoa na kuimwaga. Katika miaka ya 1930 huko Marekani na Kanada walianza kuikatakata wapate vanilini, na mwaka 1981 kiwanda kimoja tu cha karatasi huko Ontario kilikuwa kikitoa kiasi cha asilimia 60 ya vanilini ya dunia. Uchafu mwingi uliotokana na kazi hiyo ukafanya viwanda vingi viache, ingawa Norway wapo wanaoendelea kuitoa katika mbao. Siku hizi sehemu kubwa hutokana na mafuta ya petroli: huchukuliwa guayakoli, ambayo ni duara lenye mikia miwili, ikaunganishiwa wa tatu.

Fungua kitabu kikuukuu maktabani uweke pua katikati ya kurasa. Ile harufu tamu kidogo, kwa sehemu, ni lignini ya karatasi inayooza polepole na kuachia vanilini. Na ukitaka kucheka, mwaka 2007 mwanasayansi wa Japani, Mayu Yamamoto, alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kutoa vanilini katika mavi ya ng'ombe. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ng'ombe hula nyasi, nyasi zina lignini, tumbo la ng'ombe haliiwezi, inatoka nyuma. Sijamwambia mama habari hiyo.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Je, vanilini ya petroli ni uongo na ya tunda ni kweli? Kwa kemia, molekuli ni moja. Atomi ni zilezile, umbo ni lilelile, huyeyuka kwa joto lilelile, na pua haiwezi kuzitenga. Yule bibi aliposema "kemikali tu" alisema kweli, lakini vanilini ya tunda nayo ni kemikali, na maji aliyonawia mikono ni kemikali. Neno hilo peke yake si tusi wala si sumu.

Hata hivyo sitaki kumwonea yule bibi. Yapo mawili anayoweza kunishinda nayo. La kwanza, tunda halina vanilini peke yake. Lina mamia ya kampaundi nyingine kidogo kidogo, nazo huipa ladha kina kama vile ngoma nyingi zinavyoupa wimbo uzito. Kichupa chetu ni ngoma moja. Ndani ya keki iliyookwa kwa moto mkali tofauti hiyo hufifia, lakini ipo. La pili linahusu isotopu, ambazo Kidato cha Pili kilitulazimisha kuzikariri. Kiumbe hai hupata kaboni-14 kidogo kutoka hewani, na akishafa hiyo huanza kupungua, nusu yake ikiisha kila miaka kama 5,730. Petroli imekaa ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo vanilini yake haina kaboni-14 kabisa. Mvanila nao hufyonza kaboni kwa njia tofauti na miti ya mbao, hivyo kiasi chake cha kaboni-13 hutofautiana na cha vanilini ya mbao. Maabara kubwa hupima haya zikamkamata mfanyabiashara anayeuza ya kiwandani kwa bei ya tunda. Pua hudanganyika, lakini kila molekuli imebeba cheti chake cha kuzaliwa.

Na bei ndiyo inayowafanya watu wadanganye. Mwaka 2018, baada ya kimbunga Enawo cha mwaka 2017 kuyapiga mashamba ya Madagaska, kilo moja ya vanila kavu ilipita dola 500 za Marekani, magazeti yakailinganisha na madini ya fedha. Wakulima walilala shambani wakilinda, na wengine waliyachoma matunda mabichi kwa pini alama za majina yao ili mwizi ajulikane. Piga hesabu: kupata kilo moja ya vanilini kwa gramu 20 katika kila kilo unahitaji kilo 50 za vanila kavu, dola 25,000. Kilo ya vanilini ya kiwandani haikufika dola 20. Miaka michache baadaye bei ya tunda ilianguka vibaya, na waliolilinda usiku wakabaki na magunia. Kwa hiyo anayeandika "vanila" mahali pasipo na tunda, hakumwibia mlaji afya yake. Anachochukua ni jina la kazi ya mtu mwenye kijiti.

Hayo yote nilimweleza mama jioni moja akikanda unga wa mahamri. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Kisha akauliza maswali mawili tu.

"Kwa hiyo si sumu?"

"Si sumu, mama. Kile kijiko kidogo unachotia si kitu."

"Na tunda si tunda?"

"Si tunda."

"Basi kaandike hivyo."

Nikaigeuza ile kadibodi upande wa pili na kuandika upya: KEKI YENYE HARUFU YA VANILA. Herufi zilibanana kidogo mwishoni kwa sababu sikupima nafasi vizuri. Yule bibi hajarudi. Wale wawili waliotoka kwenye foleni wamerudi, na mmoja wao siku hizi hununua vipande viwili.